Rekodi Si Jeneza: Schubert, Verdi na Suala la Utendaji

Katika semina moja ya fasihi simulizi, mwenzetu alisimama akasema kwamba kanda ya kunasia sauti ni jeneza: ukishaitia ngano humo, umeizika. Tulipiga makofi, mimi nikiwemo. Siku hizi siamini tena hivyo, na walionibadilisha si watambaji wa ngano bali wanamuziki wa Ulaya wa enzi ya Ulimbwende. Najua wapo watakaoguna: "Opera? Inatuhusu nini?" Subirini kidogo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi rekodi za muziki huo zinavyoweza kumfundisha mhakiki wa fasihi uhusiano wa matini na utendaji.

Tuanze na Franz Schubert. Mwaka 1817 alitunga wimbo wa "Kifo na Msichana" kutokana na shairi la Matthias Claudius. Ni majibizano: msichana anaomba aachwe, Kifo anamjibu kwa upole. Mwaka 1824, akiwa mgonjwa, Schubert aliurudia muziki huo katika kwarteti yake ya D maina, yaani utungo wa fidla mbili, viola na selo. Sehemu ya pili inauchukua muziki wa Kifo na kuugeuzageuza mara 5. Maneno yamekwenda zao. Na tazama kilichobaki: Kifo ndiye aliyepewa nafasi, ombi la msichana limeachwa nje. Huo ni uamuzi wa kimaudhui, ingawa hakuna neno hata moja linalotamkwa.

Sasa, noti zilizoandikwa ni zilezile kwa kila mpigaji. Lakini hebu sikiliza rekodi ya Kwarteti ya Busch ya mwaka 1936. Zama hizo upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 4 hivi, kwa hiyo wapigaji walilazimika kusimama katikati ya utungo, kisha kuendelea. Utepe wa kukata na kuunga ulikuwa haujaingia studio. Ukikosea, upande mzima unarudiwa. Hata hivyo pumzi ya muziki haikatiki. Fidla ya Adolf Busch inateleza kutoka noti hadi noti kama mtu anayelia bila kutaka aonekane. Rekodi nyingi za baadaye huukwepa mtelezo huo. Ni safi zaidi, lakini msichana simsikii. Kwa Busch namsikia, katika geuzi la kwanza, fidla inaporukaruka juu ya wenzake.

Tukumbuke pia kwamba Busch, Mjerumani, alikuwa amekataa kupiga muziki Ujerumani tangu 1933 kwa kuupinga utawala wa Hitler. Je, hilo linasikika katika nyuzi? Sithubutu kusema hivyo. Huo ungekuwa uhakiki wa kubahatisha. Ila muktadha ni muktadha, na sisi ndio tunaofundishwa kutoupuuza.

Tuje kwenye opera. *La Traviata* ya Giuseppe Verdi ilionyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1853, maneno yakiwa ya Francesco Maria Piave. Chimbuko lake ni riwaya ya Alexandre Dumas mdogo ya mwaka 1848, ambayo mwenyewe aliigeuza tamthilia, ikachezwa 1852. Violetta, mwanamke anayetunzwa na matajiri wa Paris, anakufa kwa kifua kikuu. Katika tendo la tatu anasoma barua ya baba wa mpenzi wake. Haimbi, anasema tu, huku nyuzi zikitukumbusha wimbo wa mapenzi yao ya mwanzo. Katika utanzu ambao kila mtu anaimba, kusema kwa sauti ya kawaida ndiyo fani yenyewe.

Maria Callas ametuachia zaidi ya Violetta mmoja. Yupo wa studio, Turin 1953. Mkataba wa rekodi hiyo ulimzuia kuirudia opera ileile studio kwa kampuni nyingine, kwa hiyo wa Milan 1955 na wa Lisbon 1958 walinaswa jukwaani, pamoja na vikohozi na makofi ya hadhira. Mwaka 1953 sauti ni nene, ina nguvu. Mwaka 1958 imekonda, lakini Callas anaufanya ukondefu huo kuwa ugonjwa wa Violetta. Udhaifu wa fanani umegeuka nguvu ya mhusika! Hilo hulipati katika maneno ya Piave hata uyakariri.

Lakini tusizibebe rekodi kupita kiasi. Nyingi za zamani zimekata ubeti wa pili wa wimbo wa Violetta wa kuyaaga ya kale. Anayesikiliza tu hatajua umekosekana. Anayesoma tu hatasikia pumzi ikiisha. Lazima tufanye yote mawili.

Basi nirudi kwenye jeneza. Rekodi moja, ikichukuliwa kuwa ndiyo kazi yenyewe, kweli huzika. Rekodi mbili tatu zikiwekwa pamoja huonyesha kwamba kila fanani ni mhakiki, na kila utendaji ni usomaji mpya. Kwa hiyo tukienda uwandani kukusanya ngano likizo ijayo, tusiridhike na kumnasa bibi mara moja tukafunga daftari. Tumwombe aitambe tena siku nyingine, mbele ya hadhira nyingine, tuandike tarehe na waliokuwepo. Kisha tukae tusikilize palipobadilika, maana hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.