Je, Wajua? Marafiki, Gari Moja na Vipito vya Himalaya

Kutoka Manali hadi Leh, kaskazini mwa India, kuna barabara ya takriban kilomita 430 inayokatiza Himalaya kwa kupanda vipito, yaani nafasi za kuvukia kati ya kilele na kilele. Kila majira ya joto makundi ya marafiki huchangishana fedha za mafuta na kuifuata kwa magari na pikipiki. Safari ni tamu, ila ina masharti yake: huko juu mlima ndio unaopanga mwendo, na kundi zima hufuata mwendo wa yule aliyezidiwa. Haya hapa mambo ya kujua kabla ya kuwasha gari.

Barabara na walioitengeneza

1. Je, wajua kwamba ardhi hii iliwahi kupakana na Afrika? Zama za kale India ilikuwa imeungana na Madagaska na Afrika katika bara kuu la Gondwana. Takriban miaka milioni 88 iliyopita ilijitenga na Madagaska, ikaenda kaskazini, na kama miaka milioni 50 iliyopita ikaigonga Asia. Sakafu ya bahari iliyokuwa katikati ikakunjwa na kuinuliwa. Ndiyo maana katika kijiji cha Langza, bonde la Spiti, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, watu huokota visukuku vya viumbe wa baharini. Msukumano huo haujakoma, na milima bado inapanda.

2. Je, wajua kwamba barabara hii hulala usingizi kila mwaka? Kwa kawaida hupitika tangu Mei au Juni hadi Oktoba au Novemba, kisha theluji huifunga. Kuifungua ni kazi ya Border Roads Organisation, idara ya barabara za mipakani iliyoundwa mwaka 1960. Makatapila huanza pande zote mbili, yakachimba ukuta wa theluji mpaka yakutane.

3. Je, wajua ni nani wanaopasua mawe pale juu? Wengi ni vibarua kutoka majimbo ya tambarare kama Jharkhand na Bihar, watu waliozaliwa mahali pasipojua theluji. Utawaona wamejifunga vitambaa usoni, nyundo mkononi, na pembeni pipa la lami limetiwa moto hadi linafuka moshi mweusi. Wanavuta hewa ileile haba inayokuuma kichwa wewe uliyekaa kwenye kiti. Mkiwafikia, punguzeni mwendo msiwatimulie vumbi, na wasalimuni. Bila wao hakuna safari.

4. Je, wajua kwamba vibao vya barabara hii vinasifika kote India? Idara ya barabara za mipakani huandika maonyo kwa maneno ya kuchekesha. Kimoja humwambia dereva aliyeoa kwamba ni heri autaliki mwendokasi. Kingine humkumbusha kwamba hapa ni barabara, si uwanja wa ndege. Dereva hucheka, na mguu wake ukalegea kwenye mafuta. Kwenye kona isiyo na kingo, kicheko hicho huokoa roho.

Kutoka Manali kwenda juu

5. Je, wajua kwamba siku hizi unaweza kupita chini ya kipito cha kwanza? Rohtang, chenye mita 3,978, zamani kilikuwa na foleni, matope na maporomoko. Tarehe 3 Oktoba 2020 lilizinduliwa handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9.02, likapunguza safari kwa takriban kilomita 46. Wenyeji wa bonde la Lahaul, waliokuwa wakitengwa na dunia kila majira ya baridi, sasa wana njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini.

6. Je, wajua kwamba handaki hilo linakutoa dunia moja na kukuingiza nyingine? Upande wa Manali kuna misitu ya mierezi na mvua za monsuni. Ukitokeza upande wa pili, miti inapungua na milima inabaki mitupu, kwa sababu mawingu humwaga maji yake upande wa kusini. Leh hupata takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka. Ndiyo maana nyumba zake nyingi za asili ni za matofali ya udongo na paa bapa, zisizozoea maji mengi. Mvua kubwa ya ghafla ya usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 iliua watu zaidi ya 200 katika eneo hilo.

7. Je, wajua kuhusu sheli ya Tandi? Kwa miaka mingi kibao chake kimewaambia wasafiri kwamba sheli inayofuata iko kilomita 365 mbele. Jazeni tangi hapo, na wa pikipiki wabebe dumu la akiba. Hapohapo Tandi mito miwili, Chandra na Bhaga, inakutana na kuwa mto Chenab, unaoteremka hadi Pakistan. Yote miwili inaanzia kwenye kipito kimoja, Baralacha La, kila mmoja ukishuka kwa upande wake.

8. Je, wajua kwa nini madereva wazoefu huondoka alfajiri? Vijito vingi hukatiza juu ya barabara yenyewe, na maji yake ni ya theluji. Usiku baridi huishika theluji, hivyo asubuhi kijito huwa chembamba. Jua likishapiga kutwa nzima, jioni kijito hichohicho kinafika nusu ya gurudumu, na mawe yanayoviringika chini hayaonekani. Anayechelewa kitandani kwa saa mbili anaweza kulala kwenye gari.

9. Je, wajua nani anapaswa kumpisha mwenzake kwenye mteremko? Kwa sheria za India, anayepanda ndiye mwenye haki ya kupita. Anayeshuka husimama pembeni. Gari lililosimama katikati ya mwinuko mkali huondoka kwa taabu, hasa likiwa limepakia. India wanaendesha upande wa kushoto, sawa na Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo dereva wa kwetu hana la kujifunza upya hapo.

10. Je, wajua kwamba kuna mzimu wa kona? Baada ya Sarchu barabara hupanda kwa kona kali 21 zinazoitwa Gata Loops. Madereva wa malori husimulia kwamba utingo mmoja aliachwa hapo alinde lori bovu, theluji ikafunga njia, akafa kwa kiu na baridi. Kwenye kijumba cha mawe kilichojengwa kwa ajili yake, wapitao huacha chupa za maji. Rundo ni kubwa, na plastiki haiozi. Anayetaka kumkumbuka utingo huyo atasimama kidogo, atamwombea, kisha ataondoka na chupa yake.

Hewa, injini na chungu

11. Je, wajua kwamba oksijeni haipungui kwa asilimia unapopanda? Pwani au kileleni, hewa ina oksijeni ya takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo. Kwenye kipito cha Tanglang La, mita 5,328, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Kufunga kamba za viatu tu kunakuacha ukihema.

12. Je, wajua kwamba injini nayo huishiwa pumzi? Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye vipito vya mita 5,000 na zaidi, zaidi ya theluthi moja ya nguvu imekwenda. Tumieni gia ndogo, msisukume mafuta kwa hasira. Mkishuka pia, gia ndogo ndiyo inayozuia breki zisichemke.

13. Je, wajua kwa nini wali huko haupendi kuiva? Kadiri mgandamizo unavyopungua, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mita 5,300 yanachemka kwa takriban nyuzi 83, badala ya 100. Yanatokota kweli, lakini punje inabaki na kiini kigumu. Kwa hiyo kwenye migahawa ya mahema utasikia sufuria za presha zikipiga filimbi, na chakula cha haraka ni bakuli la tambi za Maggi lenye mvuke, pamoja na chai. Wenyeji wa Ladakh, eneo la Leh, wana yao: chai ya siagi na chumvi.

14. Je, wajua kwamba dizeli inaweza kuganda? Nta iliyomo ndani yake hujishika kwenye baridi kali na kuziba mabomba. Madereva wa Ladakh walizoea kuwasha moto chini ya tangi asubuhi, kazi ya hatari. Mwaka 2019 ilizinduliwa huko dizeli maalumu ya majira ya baridi, inayobaki kumiminika hadi nyuzi 33 chini ya sifuri.

15. Je, wajua kwamba jua la huko huunguza hata kwenye baridi? Kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni. Ngozi nyeusi nayo huungua, na rangi ya ngozi haiyakingi macho. Miwani ya jua hapo ni dawa.

Vibao, bendera na rekodi

16. Je, wajua kwamba kibao maarufu kilitia chumvi? Kwenye Khardung La, juu ya mji wa Leh, kibao kilitangaza mita 5,602 na kudai ndiyo barabara ya magari iliyo juu kuliko zote duniani. Vipimo vya satelaiti vimeonyesha mita 5,359. Tena kipito hicho kiko kwenye safu ya Ladakh, kaskazini mwa Himalaya yenyewe. Uzuri wake haujapungua hata mita moja.

17. Je, wajua barabara ya magari inaweza kufika juu kiasi gani? Mwaka 2021 Guinness, watunza rekodi za dunia, ilitambua barabara ya Umling La, iliyopimwa mita 5,798, kuwa ya juu kuliko zote wakati huo. Kwa Mswahili hesabu hiyo inaeleweka upesi: imepungukiwa na mita 97 tu kufikia kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, ambako mpandaji hufika kwa miguu baada ya siku kadhaa.

18. Je, wajua maana ya bendera zinazopepea kwenye kila kipito? Wabudha huzifunga kwa rangi tano: buluu ya anga, nyeupe ya hewa, nyekundu ya moto, kijani ya maji na manjano ya ardhi. Huamini kwamba upepo huzibeba dua zilizoandikwa juu yake kwa viumbe wote. Kwenye Kunzum La, mlango wa kuingilia Spiti, madereva huzungusha gari hekalu la Kunzum Devi kabla ya kuendelea. Nanyi zungukeni, ni heshima kwa wenye mahali.

19. Je, wajua kwamba kazi bado inaendelea? Julai 2024 ulilipuliwa mwamba wa kwanza wa handaki la Shinku La, la kilomita 4.1, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,800. Lengo ni kuifikishia Ladakh njia inayopitika mwaka mzima.

Mwili na wenzako

20. Je, wajua kwamba barabara nzuri imeongeza hatari? Manali iko mita 2,050, Sarchu mita 4,290, na magari huweza kufika kwa siku moja. Madaktari hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Wengi hulala kwenye mahema ya Sarchu kichwa kikigonga, chakula hakipandi na usingizi hauji. Ni afadhali kulala kwanza Jispa au Keylong, tena zaidi ya usiku mmoja.

21. Je, wajua kwamba misuli si kinga? Mwaka 1969 madaktari wa jeshi la India wakiongozwa na Inder Singh walichapisha uchunguzi wa wanajeshi 1,925 waliougua ugonjwa wa mwinuko. Hao walikuwa vijana wakakamavu, na bado waliugua. Mkimbiaji wa kundi lenu anaweza kuwa wa kwanza kulala chini, na mnene wenu akafika Leh akiimba. Asimcheke mtu mwenzake.

22. Je, wajua dawa ya uhakika ni ipi? Ni kushuka. Vidonge vya asetazolamaidi husaidia mwili kuzoea, na daktari ndiye wa kuulizwa kabla ya safari, lakini hakuna kidonge kinachoruhusu kuendelea kupanda huku hali ikizidi kuwa mbaya. Kikohozi kinachozidi na kuhema hata ukiwa umekaa ni dalili kwamba mapafu yanajaa maji. Hapo kila saa ina thamani.

23. Je, wajua kwa nini safari hii haifai mtu peke yake? Ubongo unapoanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, anayeugua huwa wa mwisho kujua. Atasema yuko salama, atakasirika akiulizwa. Kipimo kiko kwa marafiki: mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Kwa hiyo wekeaneni ahadi mkiwa bado Manali: anayesema anaumwa ataaminiwa, na atakayeyumba kwenye mstari hatasikilizwa ubishi wake. Mtamfunika blanketi na kumteremsha saa hiyohiyo, hata kama kipito mlichokiota kiko kona mbili mbele. Kipito hicho kitafunguliwa tena mwakani.