Muflisi na Haki Yake

Katika mtaa wa Murara, komini ya Karisimbi, mjini Goma, yuko aliyekopa katika koperative ya akiba kwa rehani ya kiwanja chake, yuko aliyechukua mzigo wa vitenge kwa mali kauli, na yuko yule ambaye, mtoto alipougua usiku, alimwendea mkopeshaji wa siri, ambaye Wakongo humwita Bank Lambert, akaahidi kurudisha mwisho wa mwezi fedha zilizozidi mno zile alizopokea. Mwezi ukiisha bila fedha, hukopa kwingine ili alipe riba ya kwanza, na hapo ndipo dhiki yake ianzapo hasa.

Maafa ya Goma hayajapata kumsamehe mdaiwa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na ujiuji wa moto ukakatiza mji hadi ziwa Kivu, maduka yaliteketea pamoja na bidhaa za mkopo, lakini deni lilibaki. Na waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yakafungwa, hata mwenye akiba akashindwa kuifikia. Kumwita mtu wa hali hiyo laghai ni dhuluma. Fiqhi ya Kiislamu tangu kale imeamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula, na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1976, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mapatano.

Iko njia ya sheria, ingawa wachache wameisikia. Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na kanuni ya jumuiya hiyo juu ya ufilisi, iliyopitishwa Grand-Bassam tarehe 10 Septemba 2015, haiwahusu wenye makampuni peke yao, bali pia fundi, mkulima na mwenye duka anayejitegemea, na wenye biashara ndogo wamewekewa utaratibu mwepesi. Aliyeelemewa, ila bado hajashindwa kabisa kulipa, aweza kuiomba mahakama imsimamie apatane na wadai wake, na kwa muda huo mashtaka ya mdai mmoja mmoja husimamishwa. Aliyekwisha kushindwa hutakiwa kulitangaza jambo hilo mahakamani ndani ya siku 30, ili mali yake igawiwe wadai kwa taratibu, asije mwenye nguvu akatwaa yote.

Lakini mwalimu au karani mwenye mshahara, aliyekopa kwa ajili ya hospitali au ada ya watoto, kanuni hiyo haimtaji. Kenya imemkumbuka: kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, asiye na mali ya kuuzwa, na ambaye deni lake halipungui shilingi 100,000 wala halizidi milioni 4, aweza kuomba nafuu, na baada ya miezi 12 huondolewa madeni yake, isipokuwa yaliyopatikana kwa hila. Sioni kwa nini raia wa Goma, aliyepatwa na maafa mengi, anyimwe rehema hiyo. Watunga sheria wa Kinshasa hawana udhuru.

Nawe msomaji uliyeelemewa, usikimbie mji wala usikope tena ili kulipa riba: andika madeni yako yote, jina la kila mdai na kiasi chake, uwaendee wadai kabla hawajakujia, na kila mtakalokubaliana litiwe sahihi mbele ya mashahidi.