Kwato za Farasi: Je, Uvimbe Ndio Chanzo?

Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi, naye huchukuliwa na kwato nne tu. Ndani ya kila ukwato mna mfupa, nao haukukaa juu ya soli kama mguu ndani ya kiatu. Umetundikwa kwa vikunjo vyembamba vya nyama, 550 hadi 600, vilivyopandana na ukuta wa ukwato kama vidole vya mikono miwili iliyofungamana. Vikiachana, mfupa hushuka. Farasi huegemea nyuma, asitake kukanyaga mawe.

Mabingwa huuita ugonjwa huo laminaitisi, na jina lenyewe maana yake ni uvimbe wenye moto. Jina hilo limewapoteza wengi. Farasi akivunja ghala na kula nafaka kupita kiasi, ni kweli: sumu hutoka tumboni, na chembe nyeupe za damu huvamia kwato. Lakini wagonjwa walio wengi si hao. Ni poni wanene walishwao nyasi changa zenye sukari, ambao damu yao imejaa insulini, yaani ile dawa ya mwili itokayo katika kongosho.

Mwaka 2007 mabingwa wa Australia waliwatilia poni watano wazima insulini nyingi mishipani, pamoja na sukari ya kutosha ili ya damuni isishuke. Kabla ya saa 72 kupita, wote watano walikuwa wagonjwa miguu yote minne. Vikunjo vilipotazamwa kwa hadubini katika majaribio ya namna hiyo, chembe zake zilionekana zimenyooka na kulegea, na chembe nyeupe za uvimbe zilikuwa chache. Ni kama paa lililoanguka kwa kuwa kamba zimelegea; moshi tuuonao ni wa jiko lililopinduliwa baadaye.

Hatusemi haya kwa ubishi wa wasomi. Dawa ya uvimbe hupunguza maumivu, na ni haki mnyama apewe. Lakini akirudishwa malishoni, insulini hubaki juu na vikunjo huzidi kunyooka. Heri aondolewe penye nyasi nzuri, apimiwe majani makavu yaliyolowekwa, na maji yale ya sukari yamwagwe. Wala asinyimwe chakula kabisa, maana poni mnene akishikwa na njaa ghafula, mafuta hujaa damuni mwake, naye aweza kufa kwa hayo.