Mshauri wa Chuo Si Mwalimu wa Zamu

Kila ifikapo mwezi wa saba na wa nane, watu wetu wazungumzao Kiswahili hupanga foleni kwenye mapokezi ya vyuo vya jumuiya vya Texas, kuanzia Houston hadi Dallas, Fort Worth na Abilene. Kuna waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kusomea huko mtaala wa Kongo, kuna walioshinda bahati nasibu ya viza wakiwa Kenya, na kuna akina mama waliolea watoto hadi wakakua na sasa wanataka kusoma wao. Chuo cha jumuiya kinawafaa wote. Ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, mlango uko wazi kwa mwenye cheti cha sekondari au cheti mbadala cha GED, na kozi nyingi zinahamishika kwenda chuo kikuu. Wengi wao wanakwama katika zile wiki chache kabla ya kipindi cha kwanza: mtihani unafanywa bila maandalizi, hesabu inachaguliwa isiyo ya fani, ratiba inakubaliwa bila swali hata moja, na mwaka unapokwisha msaada wa serikali umeshaliwa na kozi zisizohesabika.

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa kimo katika malezi yetu ya shule. Tulikosoma sisi, kuitwa ofisini ni kesi. Mwalimu wa zamu akikutaja jina unatembea huku unajiuliza umekosa nini, na adabu ni kunyamaza na kuitikia. Mtu aliyelelewa hivyo anapokaa mbele ya mshauri wa masomo, anaitikia tu. Mshauri naye mara nyingi amepewa wanafunzi mamia, hajui ulikotoka, na atakujibu kile ulichouliza. Usipouliza atakupa ratiba ya jumla na kukutakia heri. Kumuuliza "kozi hii inahesabika kwenye cheti changu?" au "kwa nini hii na si ile?" hakumvunjii heshima hata kidogo. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Tuanze na mtihani, maana ndio unaotisha. Texas ina utaratibu uitwao TSI, unaotaka anayeingia chuo cha umma apimwe Kiingereza na hesabu kabla ya kuanza kozi za kiwango cha chuo. Mtihani wake, TSIA2, ulianza kutumika Januari 2021. Hesabu ina maswali 20, Kiingereza maswali 30 pamoja na insha ya maneno 300 hadi 600. Kwenye hesabu unatakiwa kupata 950. Kwenye Kiingereza ni 945, na insha ipate walau 5 kati ya 8. Usipofika, kompyuta inakufungulia sehemu ya pili yenye maswali 48, na ukifanya vizuri humo bado unaweza kuhesabiwa umevuka. Wengi huona maswali mapya yanafunguka, wakadhani wameshaanguka, wakaanza kubofya ovyo ili waondoke. Msifanye hivyo. Mtihani huu hauna kikomo cha dakika, kwa hiyo kunywa maji, pumua, endelea.

Kabla ya kukaa kwenye mtihani, sheria inakutaka upitie zoezi la maandalizi linaloeleza mtihani ulivyo na kukupa maswali ya mfano. Watu hulipita haraka kama tangazo. Ningemsihi kila mgeni alifanye kwa makini, hasa aliyesoma Kongo, Burundi au Rwanda kwa Kifaransa. Hesabu anaijua, pengine kuliko wenzake wa hapa, ila huko desimali huandikwa kwa mkato na hapa kwa nukta, na maswali humjia kwa futi, inchi na maili. Kikokotoo cha kwako hakiruhusiwi. Utatumia kile cha kwenye skrini, tena kwa baadhi ya maswali tu. Mambo madogo haya yanaweza kumshusha mtu anayejua hesabu, naye akaondoka akiamini kichwa chake ni kizito.

Swali la kwanza kabisa kwa mshauri, kabla hata ya kupanga siku ya mtihani, liwe hili: "Je, mimi ninalazimika kuufanya?" Mwenye alama za kutosha za SAT au ACT halazimiki. Anayesomea cheti kifupi cha ufundi, kisichozidi krediti 42, vilevile ameondolewa, na humo mna njia nyingi za kazi nzuri kama uchomeleaji vyuma na umeme. Mwenye shahada ya nyumbani aitafutie tathmini kwenye shirika kama WES au ECE, kisha aulize chuo kitaihesabuje. Tathmini inagharimu fedha na kuchukua wiki kadhaa, hivyo isianzwe mwezi wa nane.

Na ukianguka? Zamani ungepelekwa kwenye madarasa ya matayarisho yasiyo na krediti, muhula baada ya muhula, na wengi waliishia humo humo. Mwaka 2012 mtafiti Judith Scott-Clayton wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kwamba mitihani ya namna hii ilikosea vibaya: karibu mwanafunzi 1 kati ya 4 kwenye hesabu, na 1 kati ya 3 kwenye Kiingereza, alipangwa mahali pasipomstahili kabisa. Utafiti wa aina hiyo ulibadilisha sera katika majimbo mengi. Texas ilipitisha sheria mwaka 2017, na leo asiyefika alama kwa kawaida huingia kozi ya chuo yenyewe huku akipewa darasa la msaada sambamba nayo katika muhula uleule. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba unahitaji mwaka mzima wa matayarisho, muulize kwa upole: "Siwezi kuingia ENGL 1301 nikiwa na darasa la msaada?"

Kuna jambo la Kiingereza linaloniuma. Kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, mwenye cheti cha sekondari cha Kenya, KCSE, mkononi, anajaza kwenye fomu kuwa lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na kwa sababu ya lafudhi anaelekezwa madarasa ya wajifunzao Kiingereza. Huyo apeleke cheti chake na aombe kupimwa kama wengine. Upande wa pili yuko mzazi ambaye Kiingereza kweli bado, lakini anaharakisha kuingia chuoni na kuilipia lugha kwa ruzuku ya serikali iitwayo Pell. Ruzuku hiyo ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Vyuo vingi vya jumuiya vya Texas vina madarasa ya bure ya Kiingereza kwa watu wazima. Mama, baba, soma kwanza hayo ya bure, na Pell uitunze kwa ajili ya fani.

Fani yenyewe, kwa jamii yetu, mara nyingi ni uuguzi. Mtu anafanya kazi ya kuhudumia wazee usiku, anawaona wauguzi wanavyolipwa, anaamua. Uamuzi mzuri. Ila asikilize hili mapema: kuandikishwa kama mwanafunzi anayejiandaa kwa uuguzi hakumaanishi umepokelewa kwenye programu ya uuguzi. Nafasi zake ni chache na zinagombaniwa. Utaombwa alama za anatomia na fiziolojia, BIOL 2401 na BIOL 2402, na mtihani wa kuingilia, HESI au TEAS kutegemea chuo. Baadhi ya programu hazikubali kozi za sayansi zilizosomwa zamani. Mtu anayechukua anatomia katika muhula wake wa kwanza, huku akifanya zamu za usiku, akapata C, ameshaidhoofisha fomu yake kabla hajaijaza. Mshauri wa jumla anaweza asiligusie hilo. Omba kuonana na mshauri wa idara ya afya, na umwambie ratiba yako ya kazi bila kuficha.

Hesabu nayo hutofautiana. Anayeelekea uuguzi au ustawi wa jamii mara nyingi atatakiwa takwimu, MATH 1342. Mhandisi mtarajiwa anahitaji aljebra, MATH 1314, na kupanda kutoka hapo. Kwa bahati njema namba hizi ni zilezile karibu katika kila chuo cha jumuiya cha Texas, na kapu la krediti 42 za masomo ya msingi likikamilika linakubaliwa na vyuo vikuu vyote vya umma vya jimbo. Lakini digrii uliyoilenga inaweza kutaka kozi maalumu ndani ya kapu hilo. Kiulize chuo kikuu unachotaka kuhamia, sasa hivi, usingoje ufike.

Kuhusu fedha nitasema machache, ila yashikeni. Fomu ya kuomba msaada wa serikali, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 kwa mwaka wa masomo unaofuata, na kwa mwaka 2025–2026 Pell ya juu kabisa iliwekwa kuwa dola 7,395. Mwenye kadi ya kijani anastahili kuomba. Mwenye hadhi nyingine aiulize ofisi ya misaada akiwa na karatasi zake. Ada ya mkaazi wa jimbo hudai uwe umeishi Texas miezi 12, na anayeishi ndani ya eneo linalokilipia chuo kodi hulipa kidogo zaidi, kwa hiyo anwani ya nyumba unayopanga ina bei yake. Kozi isiyokufaa iache kabla ya siku ya 12 ya masomo, ambapo haibaki kwenye rekodi. Baada ya hapo huhesabiwa, na Texas inaruhusu kuacha kozi 6 tu katika maisha yote ya shahada ya kwanza. Ukiacha masomo yote kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, sehemu ya msaada hurudishwa na unaweza kubaki na deni. Tena ili msaada uendelee, vyuo vingi hutaka wastani wa alama (GPA) wa 2.0 na umalize takriban theluthi mbili ya kozi ulizoandikisha.

Mafunzo elekezi siku hizi hufanyika zaidi kwenye intaneti, na ndiyo maana watu huyabofya wakiwa jikoni. Humo ndimo unamoambiwa kituo cha kufundishia ziada bila malipo kiko wapi, maktaba inayoazimisha kompyuta, na ofisi ya wenye ulemavu. Aliye chini ya miaka 22 anatakiwa kuonyesha chanjo ya homa ya uti wa mgongo siku 10 kabla ya muhula kuanza, la sivyo usajili wake unazuiwa. Karatasi za chanjo za kabla ya safari zitafutwe mapema. Na barua za chuo huja kwenye barua pepe ya chuo. Hakuna ofisi itakayokutafuta kwenye WhatsApp.

Wazazi nao wajue kwamba sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi wa chuo haki ya faragha ya rekodi zake, hata akiwa hajafika miaka 18. Ofisi ikikataa kukupa alama za mwanao haijakudharau. Anaweza kusaini fomu ya ruhusa mwenyewe, na ni vizuri mkaliongea nyumbani kwa utulivu kabla hamjafika dirishani.

Tuna wauguzi, wahasibu na mafundi waliopitia vyuo hivi hivi. Naomba makanisa, misikiti na vyama vyetu vitenge Jumamosi moja ya mwezi wa sita, meza na kompyuta viwepo, na waliotangulia wakae na wageni wakijaza FAFSA, wakipitia maswali ya mfano na kuandika maswali matatu ya kumpelekea mshauri. Na kama umemaliza chuo, usimwelekeze mgeni njia kwa simu tu. Siku yake ya kwanza ya ushauri, mpeleke, ukae naye ukumbini mpaka atoke.