Mtoto Mwenye Pumu Aendapo Shambani

Familia za Musoma mjini zenye mashamba Butiama au Bunda hupenda kwenda huko mwishoni mwa juma. Mtoto mwenye pumu naye aweza kwenda, mradi ijulikane kimdhurucho. Katika pumu njia za hewa mapafuni huvimba, misuli yake hukaza, na pumzi hutoka kwa mluzi. Vumbi la mtama unapopurwa, kuvu ya ghalani na moshi wa kuni vyaweza kuamsha shambulio. Basi na acheze upande utokako upepo, wala asikae jikoni kwa bibi, ijapokuwa ndiko kwenye hadithi.

Dawa ya kuvuta ya salbutamoli hulegeza misuli hiyo kwa dakika chache. Lakini mtoto mdogo hawezi kuvuta pumzi papo hapo kopo libonyezwapo. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako, ikachomekwa kopo na kuzibwa barabara, yafaa sawa na chombo cha kununua. Mtoto huvutia mdomoni mwa chupa, taratibu. Akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au mbavu zikibonyea, apelekwe hospitali usiku huohuo.