Je, Wajua? Weupe juu ya biskuti ni unga mbichi

Je, wajua kwamba ule weupe mkavu juu ya biskuti iliyoiva ni unga ambao haukupikika? Wanga hauvimbi wala kulainika bila maji. Unga wa ndani ya donge hupata maji kwenye mayai na maziwa. Ule wa kunyunyizia hauyapati, kwa hiyo hutoka kwenye oveni vilevile ulivyoingia, na ulimi huutambua papo hapo.

Chanzo hasa cha kuzidisha unga wa kunyunyizia ni joto. Siagi huwa laini tayari kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na jikoni Mombasa au Dar es Salaam joto hupita hapo karibu mwaka mzima. Donge linanata, mpishi anaongeza unga, linanata tena, anaongeza tena. Mwishowe biskuti inakuwa nyeupe juu na ngumu ndani.

Njia bora kuliko zote ni kutotumia unga kabisa. Weka donge katikati ya karatasi mbili za kuokea, lisukume lingali laini, kisha liingize kwenye friji pamoja na karatasi zake kwa dakika 30. Siagi ikiganda, karatasi hubanduka safi na biskuti hukatika kwa kingo kali.

Biskuti za chokoleti? Nyunyiza kakao kwenye kibao badala ya unga; haitaonekana kamwe.

Na mandazi yakung'ute vizuri kabla ya kuyatia kwenye karai. Unga unaodondoka hutuama chini, huungua, na kuyatia weusi mandazi ya mkupuo unaofuata.