Wembe, Sabuni na Israfu: Kumaliza Ulichonacho Kabla ya Kununua Kingine

  

Inapotajwa israfu, wengi wetu hufikiria karamu za harusi na chakula kinachomwagwa. Ni nadra mtu kuitazama rafu ya bafuni kwake. Lakini huko nako kuna mali, na kila mali ina hesabu yake. Katika makala hii tunakusudia kueleza hukumu ya kulimbikiza vifaa vya kunyolea, yaani nyembe, sabuni za povu, brashi na manukato ya baada ya kunyoa, na ubora wa mtu kumaliza alichonacho kabla ya kununua kingine. Jambo lenyewe ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna mafunzo ya twahara, mali, zaka na viapo.

Nafasi ya wembe katika sheria

Kunyoa kwa asili yake kumo katika sunna za maumbile. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo matano: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa nywele za kwapa. Katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kwa Muslim yametajwa mambo kumi, na ndani yake mna kufuga ndevu. Naye Anas bin Malik (r.a.) ameeleza kwamba waliwekewa muda wasivuke siku 40 bila ya kufanya usafi huo. Wembe pia hutumika kumnyoa mtoto siku ya saba, na kwa mwenye kunyoa kichwa anapotoka katika Hija au Umra.

Ama kunyoa ndevu, hilo ni suala jingine. Hanafi, Maliki na Hanbali wameona ni haramu, na kauli yenye kutegemewa kwa Shafii, kama walivyoeleza Maimamu Rafii na Nawawi, ni makruhu. Hatutaingia humo leo. Maneno yetu ni juu ya kifaa na mali inayotumika kukinunua.

Linalotakiwa kuzingatiwa ni kwamba sheria imeamrisha kitendo, haikuamrisha wingi wa vifaa. Mfano ulio wazi ni kisa cha Khubayb bin Adiy (r.a.), alichokipokea Bukhari. Swahaba huyu alitekwa katika tukio la Raji'i, mwaka wa 4 Hijria, akauzwa Makka kwa watoto wa Harith bin Amir ili auawe kulipiza kisasi cha baba yao. Alipojua kuwa siku zake zimekaribia, aliazima wembe kwa binti wa Harith ili ajisafishe. Mtoto mdogo wa mwanamke yule akatambaa mpaka kwake, na mama akashtuka alipomwona mwanawe yuko kwa mateka mwenye wembe mkononi. Khubayb akamtoa hofu kwamba yeye si wa kufanya hayo. Mtu huyu hakuwa na chochote cha kwake, alikuwa katika minyororo na anangojea kifo, lakini sunna ya usafi aliitimiza kwa wembe mmoja wa kuazima! Basi asije mtu akasema kwamba rafu iliyojaa ndiyo inayomsaidia kushika sunna.

Israfu na tabdhiri

Mwenyezi Mungu amekataza israfu katika Suratul A'raf aya ya 31, na katika Suratul Israi aya ya 26 na 27 amewafananisha wafujaji na ndugu wa mashetani. Kisha katika Suratul Furqan aya ya 67 amewasifu waja wake ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, bali hukaa katikati.

Imamu Mawardi ameyatofautisha maneno haya mawili. Israfu ni mtu kutojua kiasi cha kutumia, akavuka kipimo. Tabdhiri ni kutojua mahali pa kutumia, akaiweka mali pasipostahiki. Kwa maelezo hayo, mwenye kununua sabuni ya kunyolea amenunua kitu halali mahali pake, wala hana tabdhiri. Lakini akinunua ya kumi ilhali tisa hazijaguswa, ameingia katika suala la kiasi.

Tunawajibika kuwa waadilifu hapa, tusiharamishe bila ya elimu. Imamu Nawawi katika Minhaj, anapozungumzia nani azuiliwe kutumia mali yake, ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kutumia mali katika vyakula na mavazi yaliyozidi hadhi ya mtu hakuhesabiwi tabdhiri. Kwa hiyo hatumwiti safihi mtu aliyenunua brashi ya bei kubwa kwa mali yake halali. Wafafanuzi wa baadaye wakaongeza sharti muhimu, kwamba akifanya hivyo kwa kukopa, naye hana njia ya kulipa, basi ni haramu. Vivyo hivyo kama anaacha nafaka ya mkewe na wanawe ambayo ni wajibu juu yake. Baina ya haramu hiyo na uhalali mtupu lipo pana la makruhu na la kuacha lililo bora, na humo ndimo wengi wetu tumo.

Huenda mtu akasema: "Je, kuweka akiba si jambo linaloruhusiwa?" Tunasema: ndiyo. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka kutokana na mali ya Banu Nadhir. Lakini tazama: hicho ni chakula, ambacho ndicho uhai, na kiasi chake ni mwaka. Si mpaka wa kisheria kwa kila kitu, ila ni kipimo kizuri kwa mwenye kutaka kujihesabu.

Basi na tuhesabu. Tuseme mtu ananyoa mara mbili kwa wiki, yaani mara 104 kwa mwaka. Wembe mmoja wa makali mawili akiutumia mara nne, atahitaji nyembe 26 tu. Sabuni ya gramu 100, akitumia gramu moja kila mara, itamfikisha karibu mwaka mzima. Mwenye sabuni kumi na nyembe 300 ana akiba ya karibu miaka kumi, wala hana hati ya kuishi hata siku kumi.

Tumefikaje hapa?

Zamani wembe ulikuwa chuma kimoja, ukinolewa kwa kinoo na kwa mkanda wa ngozi, na ukidumu miaka. Katika vitabu vya hisba, kama kile cha Shayzari wa karne ya 6 Hijria, kinyozi alitakiwa wembe wake uwe mkali, na asile kitunguu wala kitunguu thaumu siku ya kazi yake ili asiwaudhi watu. Hima ilikuwa katika ubora wa kazi na adabu ya mfanyaji.

Mambo yalibadilika huko Marekani. King Camp Gillette alikuwa mwuzaji wa vizibo vya chupa, na alipata fikra ya kuuza kitu ambacho mteja akishakitumia hukitupa, kisha hurudi kununua. Mwaka 1903, wembe wake ulipoingia sokoni, ziliuzwa nyembe 168 na vishikio 51 tu. Mwaka uliofuata vishikio vilipita 90,000. Mwaka 1971 kampuni yake ikatoa wembe wa makali mawili yaliyopangwa pamoja, mwaka 1998 matatu, na mwaka 2006 matano, na kila hatua bei ikapanda.

Kwa kuikimbia gharama hiyo, wanaume wengi wa Marekani na Ulaya katika miaka ya 2000 walirudi kwenye wembe wa kizamani, brashi na sabuni ya povu. Wembe huo kwetu Afrika Mashariki haukuwahi kuondoka dukani, na huuzwa hata mmoja mmoja. Lakini wengi waliokimbia gharama walinaswa na mtego mwingine: wakawa wakusanyaji wa sabuni za kila harufu na vishikio vya kila namna, mpaka baadhi yao wakalazimika kujiwekea muda wa kutonunua kitu. Nafsi haikutibiwa kwa kubadilishiwa kifaa. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, kuwa utajiri haupimwi kwa wingi wa vitu, bali ni utajiri wa nafsi.

Kumaliza ulichonacho ni katika sunna

Kutumia kitu mpaka mwisho si ubahili. Mtume (s.a.w.), kama ilivyo kwa Muslim, ameelekeza tonge lililoanguka lisafishwe na liliwe, na sahani imalizwe, kwa kuwa mlaji hajui baraka imo sehemu gani ya chakula chake. Alipowapitia watu waliomtupa mbuzi wa Bibi Maymuna (r.a.) aliyekufa, aliwauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Na katika twahara yenyewe alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji, ambayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Ikiwa maji ya ibada yana kipimo, sabuni ya kunyolea haikosi kipimo.

Kwa njia ya vitendo: toa vyote ulivyonavyo uvihesabu. Fungua sabuni moja tu kwa wakati mmoja. Vipande vilivyobaki vikandamizwe pamoja, vitatoa povu. Lainisha nywele kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kunyoa, kwani unywele mkavu ni mgumu kwa wembe, kisha ukaushe wembe usishike kutu.

Mipaka ya kumaliza

Kanuni hii ina mipaka. Kwanza, usiendelee na wembe butu unaokata ngozi. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws kwa Muslim tumeamrishwa kufanya wema katika kila jambo, na mchinjaji anoe kisu chake. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, ngozi ya Muislamu ina haki zaidi.

Pili, wembe usishirikiwe kwa hoja ya kubana matumizi. Homa ya ini aina ya B na C na virusi vya UKIMWI hupita katika damu, na kudhuriana kumekatazwa. Ndiyo maana mamlaka za Saudi Arabia zimewataka vinyozi wa Mina wawe na leseni na watumie wembe mpya kwa kila hujaji. Wembe uliokwisha ufungwe vizuri kabla ya kutupwa, usimdhuru mzoa taka.

Tatu, akibainikiwa mtu kuwa brashi yake ni ya nywele za nguruwe, kwa madhehebu ya Shafii ni najisi, na hapo hakuna cha kumaliza. Aiache, na mahali palipoguswa na majimaji yake paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Kauli aliyoipa nguvu Nawawi, kwamba kuosha mara moja kunatosha, ni wepesi kwa mwenye kuifuata.

Zaka, ziada na viapo

Vitu vya matumizi ya mtu binafsi havina zaka. Tulitafakari hili: mali iliyolala kabatini haimnufaishi mwenyewe kwa kuwa haitumii, wala haimnufaishi fakiri kwa kuwa haitolewi zaka! Ama aliyenunua tangu mwanzo kwa nia ya kuuza, hiyo ni mali ya biashara, na ikitimiza nisabu na mwaka atatoa asilimia 2.5 ya thamani yake.

Iliyozidi haja ni bora itolewe sadaka: kwa wanafunzi wa madrasa za bweni, kwa wagonjwa, kwa jirani anayeona haya kuomba. Itolewe ikiwa nzima haijafunguliwa, kwani katika Suratul Baqara aya ya 267 tumekatazwa kukusudia kibaya tukakitoa.

Mwenye kuazimia kutonunua kwa mwaka, nia njema yatosha. Asikimbilie kuapa. Akiapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kisha akavunja, italazimu kafara iliyotajwa katika Suratul Maida aya ya 89: kuwalisha au kuwavisha masikini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Ama nadhiri ya kuacha jambo la mubaha, kwa madhehebu ya Shafii haimfungi mtu, na wanazuoni wametofautiana iwapo ana kafara akiivunja. Kuahidi nafsi na kuikumbusha ni salama zaidi.

Hitimisho

Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Barza (r.a.) kwamba mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Swali hilo halikubagua mali kubwa na ndogo. Maimamu wetu wanapohutubu juu ya israfu, wasiishie kwenye karamu za matajiri, bali wamkumbushe kila mmoja rafu yake mwenyewe. Anayeweza kujizuia mbele ya sabuni asiyoihitaji ameanza kuifundisha nafsi kujizuia mbele ya makubwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kukinai kwa halali yake, atubarikie katika kichache tulichonacho, na atuepushe na israfu ya dhahiri na ya siri. Amin.